Themanini na Tatu

12 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Kitindamimba wa nyumba hii, hujambo huko? Sisi huku tunajikongoja. Mama anakusalimu sana. Goti la kushoto bado linamsumbua, na la kulia limeanza kulionea wivu. Nimemwomba ahamie chumba cha mbele asipande ngazi, amekataa. Anasema miaka arobaini amelala upande wa ukutani na hawezi kuanza kujifunza leo. Kwa hiyo analala upande wa ukutani, na ule upande mwingine anapanga nguo zilizokunjwa.

Duka la baba la kunyolea limefungwa vilevile. Kinyozi wa mtaa wa nyuma amekuja mara mbili kuuliza kama tunauza viti. Mara ya pili mama alimjibu, "Aliyekufa ni mwenye viti, viti havijafa," na yule bwana akaondoka bila kuaga. Kila Jumatatu nafungua madirisha hewa ipite, nafagia, nafunga. Sijahamisha kitu wala kubandua kitu.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Kwanza, simu ya nyumba hii ina masikio manne. Pili, kila tukimtaja baba mtandao wako unaharibika, na mimi si mtoto mdogo. Tatu, unakumbuka baba alivyozoea kusema kwamba maneno ya simu hayana sahihi. Ukitaka kumshika mtu, mwambie aandike.

Basi dhumuni langu ni moja tu. Juzi nilikuwa natafuta kadi ya kliniki ya mama, nikaikuta diski ya picha za moyo wa baba kwenye droo ya nyembe, ndani ya bahasha ya hospitali. Ni zile alizopigwa Julai, miezi mitatu kabla hajatuacha. Wewe kazi yako ni kuchukua picha kama hizo, kuzitia kwenye kompyuta na kuangalia damu inavyopita kwenye mishipa ya moyo. Umenieleza mara nyingi, na mara zote nilijifanya nimeelewa.

Nataka uzitie hizi. Siku ile ya Oktoba mimi ndiye niliyekuwa naye. Alisema kiungulia, nikampa dawa ya kiungulia na kumwambia ajinyooshe kidogo. Nataka kujua hivi: ningekimbia kuita teksi badala ya kutafuta kijiko, baba angekuwa hai? Usinijibu kwa maneno ya kufariji. Wafariji ninao wa kutosha, na wengine wameanza kurudia yale yale.

Dada yako


3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana, nikaisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, begi bado liko begani. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mwambie mama nimemnunulia bendeji ya goti, ile ya kuvuta, nitaituma. Mwambie pia kwamba jibu lake kwa yule kinyozi nimewasimulia wenzangu hapa kazini na wamecheka, ingawa nilipofika mwisho mimi sikuweza kucheka nao.

Mimi sijambo. Nakula, nalala. Chumba tunachofanyia kazi hakina dirisha. Tuko watu wanne na kompyuta tisa, na kelele za feni zimekuwa nyingi kiasi kwamba tunaongea kama watu waliogombana. Mkubwa wetu wa kazi ni mama mmoja mpole anayekunywa chai iliyopoa siku nzima. Tangu Oktoba hajanipa kazi ngumu. Namshukuru, lakini pia inaniudhi.

Kuhusu siku ile, dada, acha kujitesa. Mtu akisema kiungulia anapewa dawa ya kiungulia. Hata daktari angeweza kufanya hivyo.

Kuhusu hizo picha, sawa, nitumie hiyo diski. Ila nimekuwa nikifikiri. Unakumbuka baba alikuwa na mashine tatu za kunyolea na bado kila wiki mbili alikwenda kunyolewa kwa huyo huyo wa mtaa wa nyuma? Ukimuuliza anakwambia, "Kinyozi hajinyoi." Labda kazi hii ingefaa afanye mwenzangu mmoja, mtu asiyemjua baba, mwenye mkono usiotetemeka. Hebu lifikirie hilo.

Halafu niambie, baba aliwahi kukueleza chochote kuhusu hizo picha? Au mama? Nauliza tu.

Mdogo wako


21 Machi

Kitinda,

Marahaba. Bendeji imefika. Mama ameivaa juu ya gauni ili majirani waione. Nimemwambia inavaliwa ndani, akasema kitu kilichovuka mipaka hakifichwi.

Diski hii hapa. Nimeizungushia flana na kuishonea pembeni isije ikakwaruzika. Pale posta karani aliniuliza ndani kuna nini. Nikamwambia moyo. Akaniangalia, akaangalia kifurushi, halafu akaandika "nyaraka". Nilipofika nje nilikaa kwenye ngazi za posta kwa muda, sijui muda gani, watu wakawa wanapita pembeni yangu.

Hapana, usimpe mwenzako. Sitaki mkono usiotetemeka. Nataka wewe.

Umeuliza kama baba alinieleza chochote. Baba alikuwa kinyozi. Kinyozi husema na kila mtu.

Kazi yangu inakwenda nusunusu. Nashona magauni, suruali, mapazia. Kola sishoni tena. Mteja akileta shati namwambia mashine yangu ya kola imeharibika, na wengine wanaamini kwamba kuna mashine ya kola. Fanya haraka, mdogo wangu. Mimi siku zangu nazihesabu kwa barua zako.

Dada yako


2 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Najua ulitegemea jibu mapema Aprili. Kwanza niliugua mafua, kisha tukahamishiwa ghorofa ya tatu na kompyuta zote zikang'olewa, kisha kukawa na mkutano. Yote hayo ni kweli.

Mama amenieleza kwenye simu kwamba umekonda. Yeye alisema "amekonda kama sindano yake", nikamwambia sindano ni kitu cha maana, akanikatia simu. Kula, dada.

Nikueleze kazi inavyokwenda, safari hii usijifanye umeelewa. Picha za moyo huja kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Katika kila kipande natafuta duara dogo jeupe. Huo ndio mshipa, na ninauchora ukingo wake. Vipande vikipangwa pamoja, mshipa unasimama mzima kwenye kioo cha kompyuta na unaweza kuuzungusha. Kisha naujaza wavu wa pembetatu ndogondogo, laki kadhaa, na kompyuta inakokotoa katika kila tundu la wavu damu inapita kwa kasi gani na inasukuma kwa nguvu gani. Mwisho wa yote inatoka namba moja. Namba hiyo inasema nguvu ya damu ikishapita mahali pembamba imebaki kiasi gani cha ile ya mwanzo. Ikiwa ni moja kamili, hakuna kizuizi. Ikishuka chini ya sifuri nukta themanini, madaktari huanza kufikiria kuupanua mshipa na kuuwekea kijibomba cha waya ubaki wazi. Ikiwa juu ya hapo, mara nyingi hutoa vidonge na kusubiri.

Wiki tatu sasa nimekaa ndani ya mshipa wa baba. Ule mkubwa wa kushoto, unaoshuka mbele ya moyo, umepinda kidogo karibu na mwanzo. Sikujua kwamba mtu anaweza kuukumbuka mpindo wa mshipa kama anavyoukumbuka uso. Nimeukumbuka.

Kompyuta bado inakokotoa. Kazi ya namna hii haikimbizwi. Wakati tunasubiri, niandikie ilivyokuwa siku ile, hatua kwa hatua: saa ngapi, alikaa wapi, alisema nini. Inasaidia.

Mdogo wako


20 Mei

Kitinda,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Paa la jikoni linavuja na fundi ameahidi kuja. Salamu zimeisha.

Unataka hatua kwa hatua. Ilikuwa saa sita kasoro. Wewe unajua chumba changu cha kushonea na duka la baba vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Nilikuwa namsikia akicheka na mteja. Mteja akaondoka. Baba akaja mlangoni na kile kitambaa cha wateja bado kiko begani, ameuweka mkono wa kulia kifuani hapa katikati, akasema, "Kiungulia hiki leo kimekuja na ndugu zake." Nilicheka. Nikamtazama, uso ulikuwa na jasho, lakini siku ile ilikuwa na joto na mimi mwenyewe nilikuwa na jasho.

Nikachukua ile chupa ya dawa nyeupe kwenye rafu ya nyuzi, nikampa vijiko viwili. Nikamwambia ajinyooshe kwenye benchi la wateja. Akasema mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa kushika mashine tangu asubuhi. Nikamwambia, "Baba, unanyoa kwa mkono wa kulia." Akasema, "Basi huu umechoka kwa uvivu." Tukacheka tena wote wawili. Hayo ndiyo maneno ya mwisho, utani juu ya uvivu.

Nilikuwa na kola tatu za kumalizia, mashati ya wahudumu wa hoteli, yalitakiwa saa nane. Nikashona. Cherehani yangu ina kelele, unaijua. Nilipomaliza ya tatu nikazima, na chumba kikawa kimya kuliko kinavyokuwaga. Ndivyo nilivyojua, kabla sijageuka.

Nilimpa dawa ya kiungulia kwa sababu niliamini kabisa kwamba ni kiungulia. Jasho nililiona, ganzi niliisikia, na bado sikushtuka. Kwa nini niliamini hivyo, hilo ni jambo jingine, tutaongea.

Sasa umepata hatua zako. Mimi sijapata namba yangu. Hiyo kompyuta inakokotoa nini, idadi ya nyota? Nijibu, angepona au asingepona. Karatasi moja inatosha.

Dada yako


14 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeichana barua hii mara nne. Naomba uisome ukiwa umekaa, na mama asiwe karibu.

Kompyuta ilimaliza tangu tarehe kumi na tano Aprili. Mafua yalikuwa ya siku mbili. Mkutano ulikuwa wa nusu siku. Na diski yako sikuihitaji, kwa sababu nilikuwa na nakala. Nilikuambia uitume ili nipate wiki tatu za kutosema.

Julai mwaka jana, baba alipopigwa zile picha, hospitali walimpa diski mbili. Moja alinitumia mimi. Ndani aliweka kikaratasi: nataka nikupime wewe kwenye kazi yako, usimwambie dada yako wala mama yako, watanilaza kitandani kabla sijaugua. Daktari alikuwa ameona mahali pembamba na alitaka arudi Septemba apimwe zaidi, aingiziwe waya mwembamba wa kupimia ndani ya mshipa. Baba hakutaka waya. Alisema kama mwanangu anapima mioyo ya watu asiowajua, ataupima na wangu.

Kazi yetu ni ya utafiti, dada. Haturuhusiwi kumwambia mgonjwa lolote. Nilijua hilo. Lakini baba hakuwahi kuniomba kitu maishani, na nilifurahi, nisikufiche. Nilijiona mkubwa.

Ilikuwa Ijumaa, Jumatatu nilikuwa na safari. Nilikuwa na saa mbili. Zile picha zilikuwa na mikwaruzo, nadhani baba hakubana pumzi vizuri, alivyo na maneno mengi. Ukingo wa mshipa ukatoka na menomeno. Kuna amri kwenye kompyuta ya kulainisha ukingo. Unaibonyeza mara moja, na ni lazima urudi kwenye picha uhakikishe hujafuta kitu. Mimi niliibonyeza mara tatu na sikurudi. Mshipa ukawa mzuri, umenyooka, ungefaa kuwekwa kwenye kitabu. Lile jino moja ambalo halikuwa mkwaruzo, bali mahali mshipa ulipokuwa mwembamba kwelikweli, la milimita mbili, lililainika pamoja na mikwaruzo. Namba ikatoka sifuri nukta themanini na tatu.

Nikamwandikia. Nikatia sahihi kama alivyotaka. Niliandika kwamba moyo wake umepata sifuri nukta themanini na tatu, mpaka ni themanini, asiwe na wasiwasi. Kulikuwa na sentensi moja niliyopaswa kuiongeza, kwamba haya ni ya utafiti na si badala ya daktari. Niliiandika, halafu nikaifuta. Niliona itamtia hofu bure.

Mwaka huu nimechora kwa mkono, kipande kwa kipande, vipande mia mbili na kumi, bila kulainisha. Sifuri nukta sabini na nne. Nimerudia mara tano. Sabini na nne, sabini na tatu, sabini na nne, sabini na nne, sabini na nne.

Umeuliza kama angepona siku ile ya Oktoba. Sijui, na hakuna kompyuta inayojua. Lakini najua kwamba Septemba, kama angekwenda, daktari angeingiza waya na angeuona ule wembamba. Pengine angeingia hospitali kwa miguu yake na kutoka kwa miguu yake. Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo wasemavyo, lakini safari hii aliyeficha si mgonjwa. Kosa halikuwa kijiko chako, dada. Lilikuwa langu, na nimekuacha ulibebe tangu Februari, na kabla ya hapo tangu Oktoba, nikijua.

Sitakuomba unisamehe kwa barua. Mama mwambie au usimwambie, nakuachia wewe.

Mdogo wako


6 Julai

Kitinda,

Mama hajambo. Goti limetulia kwa ajili ya kiangazi. Fundi wa paa alikuja, akaangalia tundu, akaniambia ni tundu. Bado liko wazi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa, kama ulivyosema. Sasa na wewe kaa.

Baba hakuwa na siri. Umeishi naye miaka kumi na tisa na hukulijua hilo? Siri ya kinyozi hukaa kichwani mwa mteja mpaka afike mlangoni. Barua yako ilipofika Agosti miwani yake ilikuwa imevunjika sikio moja, na mwandiko wako unaujua mwenyewe. Aliniletea mimi nimsomee. Nilimsomea mara mbili, na mara ya pili alinizuia pale kwenye "asiwe na wasiwasi", akasema nirudie.

Kisha akaibandika kwenye kioo cha duka. Katikati, juu ya rafu ya poda, kwa gundi ile ya kubandikia soli za viatu. Kila aliyekaa kwenye kiti aliisoma, atake asitake. Alikuwa akiwaeleza kwamba amefanya mtihani wa moyo na kupata themanini na tatu kwa mia, na kwamba mwanawe mwenyewe, msahihishaji, hakuwahi kupata hizo shuleni. Watu wakaanza kumwita Themanini na Tatu. Wageni walidhani ni umri, wakamsifu kwa kuwa na nguvu bado. Anacheka, anasema, "Miaka sitini na minne, moyo ndio themanini na tatu." Siku ya mazishi nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Themanini na Tatu ametutoka." Wewe hukuwepo, karatasi zako za safari zilichelewa. Niliwaomba watu wasikutajie jina hilo. Walinielewa.

Septemba hakwenda hospitali. Nilimkumbusha tarehe, akanionyesha kioo. Mimi, dada yako mkubwa, niliyekulea mgongoni, nikaangalia sahihi yako nikasema haya basi. Na Oktoba, alipokuja mlangoni na mkono kifuani, jasho nililiona, Kitinda. Ganzi niliisikia. Lakini moyo ulikuwa umeshapimwa na mdogo wangu. Ndiyo maana nikachukua kijiko. Nilikwambia tutaliongea hilo, na sasa tumeliongea.

Kwa hiyo kijiko ni changu na namba ni yako, na vyote vilikuwa kwenye mkono mmoja. Usinivue changu ili ubebe vyote. Huna mabega hayo, ulikuwa mtoto wa kubebwa.

Nilijua tangu mwanzo kwamba una nakala ya diski. Sikujua kosa, sijui mambo ya nyavu na pembetatu. Lakini nilijua mtu mwenye themanini na tatu hafi kwenye benchi langu kwa utani wa uvivu, na nilijua wewe unalijua hilo kuliko mimi. Nilikuandikia Februari ili nikufungulie mlango. Ulipojibu "nitumie hiyo diski" niliweka barua chini nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Nikaishona ile flana hata hivyo. Nilitaka nione utachukua muda gani. Umechukua miezi minne. Nina hasira nawe, na sitasema sina.

Ulilolifanya mimi nalielewa kwa lugha yangu. Ulipiga pasi kabla ya kupima. Nguo yenye mkunjo ukiipiga pasi kwanza inalala vizuri mezani, unapima, unafurahi, kisha mwenyewe akiivaa haimwingii. Mwanafunzi wangu yeyote angechapwa kofi la mkono kwa hilo. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilitaka kukuchapa, halafu nikakuona ukiwa umekaa peke yako kwenye hicho chumba kisicho na dirisha, unachora vipande mia mbili na kumi, na nikashindwa.

Na kinyozi hajinyoi. Alisema kila siku, na siku moja tu alipotakiwa kulifuata akatoa kichwa chake kwa mtoto wake, na hiyo ni kujinyoa. Naye nina hasira.

Mama sitamwambia. Mama anakwenda dukani kila Jumatatu baada yangu, sikuwahi kukuambia. Anakipangusa kile kioo. Anapangusa juu, anapangusa chini, anaizunguka karatasi isilowe. Juzi nilimkuta amesimama mbele yake, akaniambia, "Angalau mtoto wetu alimpa baba yako miezi miwili bila hofu." Ni kweli alimpa. Hilo nalo linanichoma. Utamweleza wewe, ana kwa ana, kwa mdomo wako, na mtandao usiharibike.

Nilijaribu kuibandua ile karatasi mara mbili kabla hajaingia. Imetoka kona moja, ya juu, upande ambao hauna maandishi. Gundi ya viatu haiachii kirahisi, na sahihi yako iko chini kabisa, imeshika kuliko kwingine. Sitajaribu tena. Duka nimeliacha wazi, kiti nimekipangusa.

Njoo uibandue mwenyewe.

Dada yako